Dereva alikuwa amelewa, kesi imeisha bila sisi kujua. Jalada lake tunalipataje?

Kwenu waandishi wa safu ya sheria,

Habari za kazi. Naandika kwa niaba ya mdogo wangu wa kiume, dereva wa bodaboda. Agosti mwaka juzi, saa nne usiku, gari dogo lilimgonga Barabara ya Mandela, upande wa Tabata, akiwa amesimama pembeni anasubiri abiria. Watu waliomtoa yule dereva kwenye gari walisema alikuwa ananuka pombe na kusimama hawezi. Trafiki walifika, sisi tukapewa PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, tukakimbilia hospitali. Mdogo wangu amewekewa chuma pajani na mpaka leo anatembea kwa gongo.

Ndugu wa dereva mwanzoni walichangia matibabu, baadaye wakaacha kupokea simu. Tukaja kusikia kesi ilipelekwa mahakamani, dereva akalipa faini akaenda zake. Sisi hatukuitwa. Sasa kampuni ya bima inataka tulete hukumu. Nimekwenda mahakamani, karani akaangalia akasema jina hilo halimo kwenye kesi za jinai. Mtandaoni nimetafuta nimechoka. Kesi za namna hii zinawekwa wapi, na mtu wa kawaida anaruhusiwa kuziona?

La pili: nasikia dereva huyo sasa anaendesha Hiace ya wanafunzi huku kwetu. Wazazi kwenye kundi la WhatsApp wananiambia nikipata karatasi za mahakama nizibandike humo. Nifanye hivyo?

Dada mtu, Tabata

*

Dada, pole sana, na umfikishie pole mdogo wako. Kabla ya kufika kwenye masjala tuanze na kalenda, maana ndiyo inayotutia wasiwasi kuliko jalada lenyewe. Madai ya fidia ya kuumizwa kwa uzembe wa mtu, kwa Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, yanatakiwa kufunguliwa mahakamani ndani ya miaka mitatu tangu siku ya ajali. Haihesabiwi tangu kesi ya jinai iishe, wala tangu bima iwajibu. Ajali ya Agosti mwaka juzi ina maana muda mkubwa umeshakatika. Mazungumzo na kampuni ya bima hayasimamishi saa hiyo, na watu wengi wa Dar wamepoteza haki zao wakisubiri simu ya afisa wa madai. Kwa hiyo fuatilia jalada, lakini wakati huohuo mdogo wako aonane na wakili. Kama hela ya wakili haipo, vituo vya msaada wa kisheria kama LHRC (Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu) vinasikiliza watu bila malipo.

Mtandaoni hukukuta kitu, na usidhani kuna mtu ameficha. Tovuti ya TanzLII, inayotoa maamuzi bure, imejaa zaidi hukumu za Mahakama ya Rufani na Mahakama Kuu. Kesi ya dereva aliyekamatwa amelewa huanzia chini, mara nyingi mahakama ya wilaya, na nyingi huishia hapohapo. Itaonekana kule juu iwapo tu mtu alikata rufaa. Ukitaka kujiridhisha kwamba haikufika huko, usitafute kwa Kiswahili peke yake, kwa sababu hukumu nyingi za Mahakama Kuu zimeandikwa kwa Kiingereza: andika “Traffic Case” pamoja na jina la wilaya, au jina la ukoo la dereva pamoja na “Road Traffic Act”. Hukumu ya rufaa huwa na mstari juu unaotaja kesi ya chini ambayo rufaa hiyo imetokana nayo, namba na mahakama, na mstari huo ndio unaoutaka. Usipoona kitu, usipoteze bando zaidi.

Kuna na ule mfumo wa polisi wa kuangalia faini kwa namba ya gari. Ule unaonyesha notifikesheni za papo kwa papo, zile za trafiki barabarani. Kosa lililomalizwa kwa notifikesheni halijawahi kuingia mahakamani, na kesi iliyoingia mahakamani usitegemee kuikuta humo. Watu wanachanganya hivi viwili halafu wanatangaza kwamba fulani hana rekodi.

Sasa karani. Alichokwambia inawezekana ni kweli kabisa, ila swali lilikuwa pungufu. Makosa ya barabarani husajiliwa kwa mfululizo wake: Kesi ya Usalama Barabarani namba fulani ya mwaka fulani, wengi tunaziita kesi za trafiki. Ukimwomba karani aangalie kesi za jinai ataangalia za wizi na kujeruhi, na jina halitakuwamo. Rudi uombe rejista ya kesi za trafiki. Pia wakati mwingine jina alilolitaja dereva barabarani siyo lililoandikwa kwenye leseni, au herufi moja imebadilika, na utafutaji wa jina unakwama hapo. Namba ya gari haitakusaidia pale dirishani, kwa kuwa mashauri yanapangwa kwa namba na kwa jina la mshtakiwa.

Hakikisha pia ulikwenda mahakama yenyewe. Barabara ya Mandela inaanzia Ubungo, inapita Tabata na Buguruni zilizo Ilala, kisha inaingia Temeke. Barabara moja, wilaya tatu, na mahali gari lilipogonga ndipo panapoamua kituo gani cha polisi kilichukua jalada na mahakama gani ilisikiliza. Ukisema “Mandela” tu, unaweza kuzungushwa mpaka uchoke. Kwa Tabata tungeanza na Mahakama ya Wilaya ya Ilala, na hapo uulize vizuri, kwa kuwa mashauri ya Ilala yamekuwa yakisikilizwa Samora na Kinyerezi pia. Kama ajali ilikuwa juu zaidi, kuelekea External, basi ni Ubungo, ambao mahakama yao ya wilaya iko Luguruni. Kesi nyingine hupelekwa kwa Hakimu Mkazi, Kisutu.

Njia ya uhakika kuliko kubahatisha mahakama ni kurudi polisi kwanza. Chukua PF3 ya mdogo wako: juu yake kuna jina la kituo, tarehe na, mara nyingi, namba ya taarifa. Nenda kituo hicho dawati la trafiki, omba namba ya jalada la ajali, ile ya IR, na jina la askari mpelelezi. Swali la kuuliza ni moja: “Jalada hili lilifunguliwa kesi namba ngapi, mahakama gani, tarehe gani?” Jalada la polisi likienda kwa mwendesha mashtaka huandikwa namba ya kesi ya mahakama, na hiyo ndiyo inayounganisha karatasi za polisi na za mahakamani. Kama askari amehamishwa, usikubali kuambiwa umsubiri arudi. Jalada ni la kituo. Omba kuonana na mkuu wa trafiki wa wilaya, DTO, na ikishindikana mkuu wa usalama barabarani wa mkoa wa kipolisi, RTO. Palepale omba na nakala ya ripoti ya ajali na mchoro wa eneo, bima watavidai hata hivyo.

Ukishapata namba, andika barua kwa Hakimu Mfawidhi wa mahakama hiyo. Usiende kuomba kwa mdomo, ombi la mdomo halina tarehe. Kichwa cha barua kiwe hivi:

“YAH: MAOMBI YA KUPERUZI JALADA NA KUPATIWA NAKALA ZILIZOTHIBITISHWA, KESI YA USALAMA BARABARANI NA. … YA MWAKA …, JAMHURI DHIDI YA …”

Ndani, aya mbili zinatosha. Ya kwanza iseme mdogo wako ni nani katika shauri hilo: majeruhi, tarehe ya ajali, mahali, namba ya PF3. Ya pili itaje unachoomba kimoja kimoja: hati ya mashtaka, mwenendo wa shauri, uamuzi wa kutiwa hatiani, adhabu na amri yoyote iliyotolewa, na kwamba zinahitajika kwa madai ya bima na fidia. Mdogo wako asaini mwenyewe. Wewe ukipeleka, beba barua yake ya kukutuma na nakala za vitambulisho vyenu vyote wawili. Toa nakala mbili za barua: moja inabaki masjala, ya pili igongwe muhuri wa “imepokelewa” wenye tarehe na uondoke nayo. Ukirudi wiki inayofuata na karani mwingine yuko dirishani, muhuri huo ndio utakaokusemea.

Umeuliza kama mtu wa kawaida anaruhusiwa. Kesi za jinai husikilizwa katika mahakama ya wazi, yeyote anaweza kukaa kwenye benchi akasikiliza, isipokuwa pale sheria au hakimu anapofunga mlango kwa sababu maalumu. Jalada lililoko masjala ni jambo tofauti kidogo. Linaonwa kwa maombi, chini ya usimamizi wa mahakama, na mwombaji anaulizwa analihitaji kwa nini. Majeruhi ana sababu iliyo wazi kuliko mpita njia, ndiyo maana tunasisitiza barua iwe ya mdogo wako na si ya kwako.

Malipo yapo, ya kuperuzi na ya nakala. Utapewa namba ya kumbukumbu ya malipo ya serikali, unalipa benki au kwa simu, na risiti inakuja na jina la mahakama. Usimpe mtu pesa mkononi hata kama ni “ya kutoa kopi tu”. Ukidaiwa ya pembeni, TAKUKURU wanapokea simu bure kwa 113.

Jambo linalowakwamisha watu wengi kuliko yote hayo ni hili. Bima imekwambia ulete hukumu, wewe utakwenda kuomba hukumu, na karani anaweza kukujibu kwa nia njema kabisa kwamba hukumu hakuna. Dereva akikiri kosa siku ya kusomewa mashtaka, hakuna shahidi anayeitwa na hakuna hukumu ndefu inayoandikwa. Kinachobaki ni ukurasa mmoja au miwili ya mwenendo: mashtaka yamesomwa, mshtakiwa amejibu “ni kweli”, mwendesha mashtaka ameeleza maelezo ya kosa, mshtakiwa amekubali maelezo hayo, mahakama imemtia hatiani, imempa adhabu. Basi. Hadithi yenu ya “alilipa faini akaenda zake” inafanana sana na hali hii, na ndiyo sababu inayoweza kueleza kwa nini mdogo wako hakuitwa kutoa ushahidi. Hivyo usiombe “hukumu” tupu. Omba mwenendo, kutiwa hatiani na adhabu, na ukimpelekea afisa wa bima mwambie kwamba kwa shauri la kukiri kosa hiyo ndiyo hukumu yenyewe. Soma sehemu ya amri mpaka mstari wa mwisho: mahakama ya jinai ina uwezo wa kuamuru mtu aliyetiwa hatiani amlipe fidia aliyemuumiza, na huenda kuna amri ambayo hakuna aliyewaambia.

Ukipata hati ya mashtaka, jiandae kwa jambo litakalokuudhi. Inawezekana neno pombe halimo kabisa. Tazama sehemu mbili: KOSA, ambapo kifungu cha sheria kinatajwa, na MAELEZO YA KOSA, ambapo siku, barabara na namba ya gari vimeandikwa. Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, ina kosa la kuendesha ukiwa umelewa kiasi cha kushindwa kulimudu gari, na ina kosa la kuendesha ukiwa na kilevi mwilini zaidi ya kiwango, ambacho ni gramu 0.08 kwa kila mililita 100 za damu. Lakini mashtaka yanayoandikwa mara nyingi baada ya ajali ya majeruhi ni ya kuendesha kwa uzembe na kusababisha majeraha. Hii haina maana moja kwa moja kwamba mtu amehongwa. Ulevi unataka ushahidi wake: kipima ulevi, damu iliyopimwa, au daktari na mashahidi walioona hali ya dereva. Damu nayo haingoji. Mwili unapunguza takribani gramu 0.015 kwa kila mililita 100 kila saa. Dereva aliyegonga saa nne usiku akiwa na 0.12, damu yake ikichukuliwa saa kumi alfajiri, saa sita baadaye, itasoma kama 0.03, chini kabisa ya kiwango. Mwendesha mashtaka mwenye karatasi hiyo mkononi atapeleka kosa analoweza kulithibitisha.

Na kwa madai yenu, uzembe unatosha. Hamhitaji kuthibitisha kwamba alikuwa amelewa ili mdogo wako alipwe. Mnahitaji kuthibitisha kwamba aliendesha kizembe na akamuumiza. Hapo karatasi ya kutiwa hatiani ina nguvu kubwa: Sheria ya Ushahidi, Sura ya 6, katika kifungu kilichozoeleka kama 43A, inasema hukumu ya mwisho ya jinai, muda wa rufaa ukishapita au rufaa ikishaamuliwa, ni ushahidi usiopingika kwamba mtu huyo alitenda kosa hilo. Muda wa rufaa kutoka mahakama ya wilaya kwenda Mahakama Kuu ni notisi ndani ya siku 10 na rufaa yenyewe ndani ya siku 45, na aliyekiri kosa kwa kawaida anaweza kulalamikia adhabu tu. Mwombe wakili ahakikishe namba za vifungu, kwani Toleo la Urekebu la 2023 limebadilisha mpangilio wa vifungu katika baadhi ya sheria.

Inawezekana pia ukafungua jalada ukakuta hakutiwa hatiani kabisa. Angalia kama aliachiwa huru baada ya ushahidi kusikilizwa, au shauri liliondolewa na upande wa mashtaka, au lilifutwa kwa sababu mashahidi hawakufika. Katika mawili haya ya mwisho, kwa kawaida sheria inaruhusu kumshtaki tena. Kama samansi ya mdogo wako ilitolewa na haikumfikia, iandikie Ofisi ya Taifa ya Mashtaka, taja namba ya kesi, na ueleze kwamba shahidi yupo na anapatikana. Madai ya fidia hayategemei jambo hilo, yanaweza kwenda peke yake.

Kwa upande wa bima, tafuta kwenye ripoti ya polisi namba ya stika iliyokuwa kwenye gari siku ya ajali. Mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima, wa kuhakiki bima kwa namba ya gari utakuonyesha ya sasa, lakini mnayoihitaji ni ile ya Agosti mwaka juzi, na huenda kampuni ni nyingine. Mkifungua kesi ya madai, kampuni hiyo ipewe notisi ya maandishi kabla ya kufungua, isije ikasema haikujua. Wakikwambia dereva alikuwa amelewa kwa hiyo hawalipi, usibishane dirishani. Waombe waandike sababu hiyo kwa barua, mpelekee wakili na TIRA. Bima ya lazima kwa mujibu wa Sura ya 169 iliwekwa kwa ajili ya watu kama mdogo wako, waliosimama pembeni ya barabara.

Tuje kwenye kundi la WhatsApp. Usibandike. Tunaelewa kabisa hofu ya wazazi, na wana haki ya kuuliza nani anabeba watoto wao. Lakini Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inaziweka taarifa za makosa ya mtu katika kundi la taarifa nyeti, na karatasi mliyopewa kwa ajili ya madai ikitumwa kwa mamia ya simu, wewe ndiye utakayekuwa unajieleza. Ikitokea jina limefanana na la mtu mwingine, au umeandika “mlevi” wakati alitiwa hatiani kwa uzembe, unafungua mlango wa kesi ya kashfa dhidi yako, wakati mna kesi yenu ya kushinda.

Wazazi watatu au wanne waende shuleni na barua ya kuomba mambo ambayo shule inaweza kuyataka kwa dereva mwenyewe: leseni iliyo hai yenye daraja la kubeba abiria, uthibitisho wake wa LATRA (mamlaka ya usafiri wa ardhini), na cheti cha tabia njema cha polisi, ambacho mwombaji huchukuliwa alama za vidole na hivyo hakichanganyi majina. Kila kimoja kina mhusika wa kukitafuta na kukilipia, naye ni dereva. Wewe ukishakuwa na nakala iliyothibitishwa, ipeleke mkononi kwa DTO na ofisi ya LATRA pamoja na barua fupi inayotaja namba ya kesi, kosa kama lilivyoandikwa, na namba ya Hiace. Kwenye kundi, inatosha kuandika kwamba barua imepelekwa shuleni tarehe fulani na majibu yanasubiriwa.

Jumatatu anza na kituo cha polisi, siyo mahakama.